Simu Yako Niliyoifuta

Dada Konsolata,

Shikamoo. Najua huitiki, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo na sitaanza leo, hata kama leo ndiyo siku ambayo ungekuwa hai ungeniitikia kwa kofi.

Nianze na lile baya, maana uliniambia tangu utoto kwamba mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimeifuta sauti yako. Zile sauti ulizomrekodia mwanao Fides ukiwa wodini, zote, ya kuanika maharage, ya kufunga kamba za viatu vya shule, ile unayocheka mpaka unakohoa kwa sababu ya jirani yako wa kitanda anayekoroma kama mashine ya kusaga, hazipo. Simu haikuibwa wala haikuanguka kwenye maji. Nilizifuta mimi, mchana kweupe, nimekaa barazani kwa mjomba wetu Apolinari huku naletewa chai.

Nakuandikia kwa kalamu, kwenye karatasi ambazo Fides amenichania katikati ya daftari lake. Sababu ya kalamu utaiona huko mbele. Mkono wangu umezoea bisibisi, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Unakumbuka siku tuliyomaliza msiba wako kule juu mlimani. Ndugu waligawana vitu vyako, vitenge vikaenda kwa huyu, sufuria kwa yule, na binamu zetu karibu wagombane kwa ajili ya sweta lako la kijani. Fides alikaa pembeni, hakuomba chochote. Mwishoni akafungua kiganja, kumbe alikuwa ameshika simu yako muda wote. Kioo kilikuwa kimepasuka na betri imevimba. Nikamwambia, hiyo niachie mimi, nitaitengeneza. Ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni tangu tukuzike, na mimi nikajiona mjomba wa maana.

Niliitengeneza kweli. Nilimwekea kioo kipya na betri nzuri, sauti zako zikawa zinasikika bila mikwaruzo. Alikuwa akirudi shule anakaa kwenye ile ngazi ya nyumba yetu hapa Mafiga, anakusikiliza, halafu anaingia kumsaidia wifi yako Zubeda kupika. Miezi ile ilikuwa mizuri, nisidanganye.

Kisha akaniomba nimfungulie mtandao ule ambao wenzake wote wapo. Mtandao unauliza mwaka wa kuzaliwa. Ukiandika mwaka wa kweli wa mtoto, unakataa. Mimi ni fundi, dada, nimewafungulia watoto wa nusu ya mtaa huu, na siku zote naandika mwaka wowote unaopita halafu namrudishia mtoto simu yake na kumwambia haya, kacheze. Wenye mitandao hiyo wanaishi mbali huko, wanajua hata saa ninayokula, lakini wakiuliza umri wanaridhika na jibu lolote. Kwa Fides sikujisumbua kufikiri. Niliandika mwaka wako wewe. Mtoto wa miaka kumi na tatu nikamfanya mwanamke mzima kwa kidole kimoja.

Na bado. Siku ya misa yako ya mwaka, Fides alikuwa ameanza kidato cha kwanza. Nilimpiga picha na sare mpya mbele ya kibanda changu, jina la shule linasomeka kifuani, namba yangu ya simu inasomeka kwenye bango. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu ule wa wateja, nikaandika: yatima wetu huyu, mtoto wa marehemu dada yangu, mama yake angefurahi. Watu walinijazia mioyo na machozi, na mimi nikakaa kutwa nzima nahesabu machozi ya watu nisiowajua.

Mmoja kati ya hao alikuwa anahesabu vingine.

Haikupita wiki mbili, mtu anayejiita Dorini akamwandikia Fides. Alisema ana miaka kumi na minne, anasoma Dar, na yeye amefiwa na mama. Alijua maneno yote. Alimuuliza Fides kama naye anasikia harufu ya mama yake kwenye nguo. Mtoto wako alimpenda, dada, na ungekuwa wewe ungempenda. Mpaka alimtumia zile sauti zako, ili Dorini naye asikie namna mama anavyocheka. Wakawa wanaongea kila siku kwa miezi. Zubeda alipouliza, nikamjibu mwache mtoto, amepata rafiki.

Dorini hakuwa msichana. Utanielewa nikisema hivyo tu, sitakuandikia mengine. Aliomba picha moja, isiyo na ubaya, halafu nyingine, na Fides alipokataa akaambiwa ile ya kwanza itachezewa na kusambazwa shule nzima na parokiani. Kuanzia hapo akawa hana pa kutokea. Ninachoweza kukuambia ni yale niliyoyaona mimi kwa macho yangu na nikayaita ukubwa: aliacha kula wali, aliuliza kama anaweza kuhama shule akasome kule juu, akanyoa nywele zake zote, zile ulizokuwa unamsuka mwenyewe na hukumwachia mtu mwingine azishike. Nilimtania kwamba amekuwa askari. Zubeda hakucheka, aliniambia huyu mtoto ana jambo, Baba Asha, muulize. Nikasema nitamuuliza. Nilikuwa na simu za watu kumi na moja mezani.

Halafu siku moja mchana akaja kibandani. Hakupita nyuma kama kawaida yake, alisimama upande wa wateja, nyuma ya mama mmoja aliyeleta simu yenye spika mbovu, akasubiri zamu. Zamu yake ilipofika akaweka simu yako mezani, akasema, "Mjomba, naomba uniharibie hii simu isiwake tena."

Nikaiwasha. Mazungumzo yake na Dorini yalikuwa juu kabisa, hayakuhitaji kutafutwa. Nilisoma mstari mmoja tu, alioandika Fides mwenyewe, nikazima kioo. Mstari huo nitauandika, ila siyo hapa.

Unajua nilimuuliza nini, dada? Sikumuuliza umeumia wapi, wala ni nani huyu, wala imeanza lini. Nilimuuliza, "Nani mwingine anajua?"

Yule mtoto akainamisha kichwa chake cha upara. Ningeweza kuukata ulimi wangu, lakini wakati ule niliona nimeuliza swali la busara kabisa.

Zubeda alitaka twende polisi jioni ileile. Alikwishavaa viatu. Nikamwambia wewe huzijui taratibu zetu, mtoto huyu ni wa ukoo wa mama yake, mimi ni mjomba lakini juu yangu yuko mjomba mwingine, siwezi kulipeleka jambo la ukoo kwa askari kabla wenyewe hawajakaa. Nilisema kwa kiburi hasa. Aliniambia, "Sawa, kawaulize wakubwa. Ila hiyo simu usiiguse." Akavua viatu.

Kesho yake tukapanda mlimani na Fides. Kulikuwa na ukungu mpaka mashambani, wanawake wanavuna njegere. Mjomba Apolinari aliwaita wazee wenzake wawili, tukakaa barazani. Fides alipelekwa jikoni kumenya viazi. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemuuliza neno, na jikoni lile lina ukuta wa miti tu, kila tulilosema alilisikia. Mmoja wa wazee aliuliza mtoto wa kike anatafuta nini kwenye simu. Mwingine alisema, si mwenyewe alituma, kwani alishikwa mkono. Mimi mstari ule niliusoma, ulikuwa kichwani mwangu, na sikufungua mdomo. Nasema tena ili uusikie vizuri uoga wa mdogo wako: niliujua ukweli, nikanywa chai.

Mwisho mjomba akasema, "Hili lisishuke mlimani. Futa, mpwa wangu. Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo kazi yangu. Niliifanya pale pale. Sikutaka ibaki hata chembe ambayo fundi mwingine angeweza kuifufua, kwa hiyo sikufuta mazungumzo na akaunti tu, simu nzima niliiflashi mara mbili, na wazee wakawa wananyoosha shingo kutazama kama watu wanaoangalia ng'ombe akichunwa. Ilipowaka ikiwa mpya, imeandika karibu, chagua lugha, walinishukuru. Tukachinjiwa kuku. Nikamwita Fides, nikamkabidhi simu, nikamwambia yameisha, mjomba wako ameyamaliza.

Akaibonyeza. Akaibonyeza tena. Akauliza, "Mama yuko wapi?"

Dada, kila mteja anayeketi kwenye benchi langu, hata mlevi, hata yule aliyeokota simu barabarani, kabla sijaiflashi namuuliza: kuna vitu vya kuhifadhi? Ndilo swali la kwanza nililofundishwa na fundi wangu, na nimelibandika ukutani kwa maandishi mekundu. Nilimuuliza hata yule jamaa wa Dumila aliyekuwa na picha za vitunguu tupu. Kwa Fides sikuuliza. Sikukumbuka hata kwamba wewe umo mle ndani.

Hakulia. Aliishika simu kwa mikono miwili akarudi jikoni kumenya viazi. Kwa wiki nyingi hakunipa zaidi ya shikamoo mjomba na chakula kiko tayari mjomba.

Na yule mtu, je? Wewe ungeuliza hilo kwanza. Hatukumfanya kitu. Tulimfutia ushahidi wake, tukamwachia mji. Miezi miwili baadaye alikuwa na mtoto mwingine, wa Dakawa, mwaka mmoja mdogo kuliko Fides, na safari hii hakuwa Dorini, alikuwa Glori.

Mama wa mtoto yule ni mkulima wa mpunga. Nimekutana naye, anaitwa Mama Neema, simu anajua kupokea na kukata, basi. Siku mwanae alipoangua kilio shambani, yeye alichukua ile simu ikiwa bado inalia, akaifunga kwenye kanga, akafunga fundo mara tatu kana kwamba mle ndani kuna nyoka, akapanda gari mpaka mjini na matope miguuni. Aliifungua kanga mezani kwa askari. Hakufuta kitu kwa sababu hajui kufuta. Ufundi wangu wote wa miaka kumi na mitano, ule ulionilipia wewe kwa njegere zako, ungekuwa haupo, Fides angekuwa na kesi nzuri kama ya mtoto wa Dakawa.

Walimkamata. Anauza vipuri vya pikipiki, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Ana mke. Nimewahi kumtengenezea tundu la chaji, na aliniambia kazi yangu ni safi. Simu yake waliikuta tupu, kumbe naye anajua kufuta, lakini ile ya Dakawa ilitosha kumfikia, na katika kuhojiwa likatokea jina la Fides.

Askari wa kike wa dawati la watoto alikuja nyumbani bila sare, akaongea na Fides muda mrefu chumbani, Zubeda akiwepo. Nilisikia sauti ya mtoto wako ikitiririka. Mimi mjomba nilikuwa uani, sina kazi. Alipotoka akaomba simu. Nikampa. Akaiwasha, akatazama, akauliza kwa upole ambao sikustahili nani kaisafisha. Nikasema mimi, ni fundi. Akaniambia kwamba sheria inasema mtoto hawezi kukubali jambo kama lile hata angeandika ndiyo mara mia, kwa hiyo nisikate tamaa. Lakini yule mtu anasema hakujua kama ni mtoto, maana akaunti ilionyesha mwanamke mzima, na anasema yote yalitumwa kwa hiari. Kilichokuwa kinamkanusha kilikuwa kwenye simu ile.

Sasa unaelewa nilichofuta. Sikufuta aibu ya Fides, dada. Nilifuta kukataa kwake. Mahali pekee duniani ambapo mtoto wako alisema hapana kwa maandishi, nilipasafisha kwa mkono wangu, na aibu nikaiacha nje izunguke. Maana imezunguka. Lile ambalo halikutakiwa kushuka mlimani lilishuka siku ileile pamoja na kabichi. Shuleni wanajua, sokoni wanajua. Wanawake wanaonunua nyanya wanamtazama mtoto kuanzia miguuni. Shule iliitisha mkutano, tukaambiwa wazazi tusiwape watoto simu, tukanywa soda, tukatawanyika. Kuhusu wanaume hawakusema kitu.

Mjomba Apolinari amenitumia ujumbe kwa watu wa gari la mboga. Anasema nikienda kusimama mahakamani kueleza habari za kikao cha ukoo, nisipande tena kama mjomba wa mtoto. Wataweka mwingine, na Fides atachukuliwa kwangu apelekwe kwa huyo mwingine huko juu. Wanaweza, unajua kwamba wanaweza, au angalau ndivyo tulivyozoea kuamini. Nililikalia jambo hilo siku nne. Nilikuwa naogopa kukupoteza mara ya pili, maana Fides ana mwendo wako kabisa, ule wa kutembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani hata akiwa mikono mitupu.

Jana alikuja kibandani. Alipita nyuma, siyo upande wa wateja. Alikaa kwenye kile kigoda chako, akanitazama ninavyochomea waya, halafu akauliza, "Mjomba, siku ile ulisoma?"

Nikasema nilisoma mstari mmoja.

"Upi?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, maana haujanitoka hata siku moja. Nikadhani atalia. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Basi wewe unajua." Kisha akasema alidhani ameuota, kwamba kwa jinsi watu wanavyosema alitaka mwenyewe, na yeye alikuwa ameanza kuamini hivyo. Miezi yote hiyo, dada. Mtoto amekaa na watu wazima wanaomwambia alikubali, na mtu pekee aliyeona kwamba alikataa alikuwa anakula naye sahani moja, kimya.

Akaniuliza kama nitasema hivyo mbele ya hakimu. Nikamweleza ujumbe wa mlimani, sikumficha. Akafikiri. Akasema wakija kumchukua atawauliza swali moja tu, ni nani kati yao aliyesoma. Halafu akachana karatasi hizi katikati ya daftari lake la hisabati, akaniwekea mezani na kalamu, akaniambia niuandike ule mstari mahali ambapo hapafutiki. Nilipomuuliza niuandike kwa nani, akasema, "Mwandikie mama. Mama nilimwambia siku nyingi, ila sijui kama alisikia."

Kwa hiyo Jumatatu nakwenda. Kesi za watoto zinasikilizwa mlango umefungwa, na heri yake. Nitasema mwaka wa kuzaliwa niliuandika mimi, siyo Fides, na kwamba ulikuwa wako. Nitasema ile picha yake na jina la shule niliitundika mimi. Nitasema nilifuta, nani alinituma na nilikaa wapi, na wakinicheka au wakinishitaki nami, sawa. Halafu Jumapili inayofuata, baada ya misa, nitapanda kwa mjomba Apolinari, na safari hii Fides hatakaa jikoni isipokuwa akitaka mwenyewe. Nitasimama kwenye baraza lile lile nirudie kwa sauti, wazee wasikie na wanaomenya viazi wasikie. Wakininyang'anya umjomba baada ya hapo, watakuwa wamemnyang'anya mtu aliyeusema ukweli, siyo yule aliyekunywa chai.

Sauti yako siwezi kuirudisha. Nimejaribu, nimewapelekea mafundi wakubwa kuliko mimi, wote wamenisifu kwamba nilifanya kazi kamili. Samahani haitoshi na sitaiandika mara nyingi ili ionekane inatosha. Umebaki kwenye kichwa cha Fides tu, anakuiga unavyocheka, halafu anakohoa mwishoni kama wewe. Wiki hii amecheka mara moja. Nywele zimeanza kuota, Zubeda ameombwa azisuke zikirefuka.

Karatasi hii nitaikunja, niiweke kwenye mfuko wa nailoni tunaowekea vioo vipya, na siku hiyo ya Jumapili nitaizika kwako, pale miguuni, upande wa shamba la karoti. Fides amebaki na nakala ya mstari ule, aliyoiandika mwenyewe. Pumzika, dada yangu, na kama kuna namna ya kumsikiliza mtoto kutoka hapo ulipo, msikilize yeye kabla yangu. Huu ndio mstari wake:

"Sitaki. Nimeshasema sitaki. Mama yangu angekuwepo usingenifanyia hivi."

Mdogo wako,
Deogratias